Mabinti Watatu wa Neema

1. Majina yao

Hapo kale, miaka mingi kabla ya kuzaliwa Yesu Kristo, Wayunani, yaani wenyeji wa nchi iitwayo sasa Ugiriki, hawakumjua Mungu mmoja. Waliabudu miungu mingi, mingine ya kiume na mingine ya kike, na kila jambo kubwa la maisha lilihesabiwa kuwa chini ya mungu wake. Bahari ilikuwa na mungu wake, na vita kadhalika, na mavuno, na ufundi wa mhunzi. Wengi katika hao waliogopwa, kwa kuwa walisemwa kuwa wepesi wa hasira. Lakini walikuwamo mabinti watatu, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ambao kazi yao haikuwa kutisha watu. Kazi yao ilikuwa kuwaletea wanadamu uzuri, furaha na ukunjufu wa moyo.

Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo, aliwataja kwa majina. Baba yao alikuwa Zeus, mkuu wa miungu, na mama yao Eurynome, binti wa Bahari Kuu iliyodhaniwa kuizunguka dunia. Mmoja aliitwa Aglaia, maana yake mng'ao au fahari. Wa pili aliitwa Euphrosyne, maana yake furaha na uchangamfu, kama ule wa watu waliokaa pamoja karamuni. Wa tatu aliitwa Thalia, maana yake kuchanua na kustawi, kama mti uchanuavyo baada ya mvua. Wote watatu pamoja Wayunani waliwaita Karites. Warumi, walioipokea hadithi hiyo kwa Wayunani, waliwaita Gratiae. Kwa Kiswahili jina liwafaalo ni Neema.

Si kila mji uliohesabu watatu. Watu wa Sparta waliheshimu wawili tu, na watu wa Athens vile vile walikuwa na wawili hapo mwanzo. Katika mji wa Orchomenos, uliosifiwa sana kwa ibada hiyo, vilivyoheshimiwa zaidi si sanamu za kuchongwa, bali ni mawe yaliyosemekana kuwa yameanguka kutoka mbinguni. Hata baadaye idadi ya watatu ikashika, na maana waliyoiona wenye hekima katika idadi hiyo itaelezwa mbele.

2. Neno lililovuka bahari

Neno la Kiyunani karis, ambalo ndilo shina la jina la mabinti hao, lilikuwa na maana tatu. Maana ya kwanza ni uzuri unaopendeza. Ya pili ni fadhili apewayo mtu pasipo kuilipia. Ya tatu ni shukrani airudishayo yule aliyepewa. Wayunani waliyaita mambo hayo yote kwa neno moja, kana kwamba hayawezi kutengana. Na neno lao la furaha, khara, ni ndugu wa neno hilo hilo.

Injili ya Luka iliandikwa kwa Kiyunani. Malaika Gabrieli alipomsalimu Mariamu, neno la kwanza katika maandiko hayo ni lile la kuamkiana kwa Wayunani, ambalo maana yake ni kumtakia mtu furaha. Na neno linalofuata lamwita yeye aliyejazwa neema. Maneno hayo mawili yametoka katika shina moja. Tena, kushukuru kwa Kiyunani ni eukharistia, na kutoka hapo limekuja jina la ibada kuu ya Wakatoliki, Ekaristi. Mwaka 1868 Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misioni yao Bagamoyo, na tangu hapo ibada hiyo imeadhimishwa katika mji huo wa pwani. Mkristo wa Bagamoyo atajapo Ekaristi, ametaja bila kujua shina la jina la mabinti wale watatu.

Neno neema nalo si geni kwa safari. Limetoka katika Kiarabu, na lilitangulia pwani pamoja na dini ya Kiislamu na vyombo vya bahari. Hivyo katika mji mmoja yamekutana maneno mawili, moja la Uyunani na moja la Arabuni, na yote mawili yasema juu ya kitu kile kile kitolewacho bila bei.

Huenda mtu akauliza kama yafaa mwanafunzi asome habari za miungu ya uongo. Jibu ni hili. Mahekalu ya Karites yameanguka zamani, na kusoma hadithi si kuabudu. Mtume Paulo mwenyewe, aliposimama mbele ya watu wa Athens, alitaja maneno ya washairi wao, akayafanya daraja la kuwafikia. Mtu mwenye busara hupepeta: huacha makapi yapeperuke, na punje huziweka.

3. Mkono katika mkono

Punje ya hadithi hii ni ipi? Seneca, Mrumi mwenye hekima aliyefariki mwaka 65 baada ya Kristo, aliandika kitabu kizima juu ya hisani. Humo alieleza jinsi watu walivyoifasiri sanamu ya mabinti hao. Waliulizana: Kwa nini ni watatu? Kwa nini ni ndugu? Kwa nini wameshikana mikono na kucheza katika mduara?

Wengine walijibu kwamba ni watatu kwa sababu hisani ina kazi tatu: mmoja hutoa, wa pili hupokea, na wa tatu hurudisha. Wameshikana mikono katika mduara kwa sababu hisani hupita mkono kwa mkono, na mwisho humrudia yule aliyeianza. Mduara huo ukikatika mahali pamoja tu, uzuri wake wote umeharibika. Nyuso zao zina furaha, kwa kuwa atoaye kwa uso wa kukunjamana ameipunguza zawadi yake mwenyewe. Nao ni vijana, kwa sababu kumbukumbu ya fadhili haipasi kuzeeka.

Mwenye hekima mwingine, Aristotle wa Uyunani, alisema kwamba hekalu la Karites huwekwa mahali pa wazi mbele ya watu, ili kila apitaye akumbuke kurudisha mema aliyotendewa. Na Servius, mwalimu wa Kirumi wa karne ya 4 au ya 5, alitazama jinsi sanamu zao zilivyosimama: mmoja ametupa mgongo, na wawili wameelekeza nyuso kwa mtazamaji. Akasema maana yake ni kwamba hisani moja ikituacha na kwenda zake, mbili zapaswa kurudi.

Waswahili husema, Tenda wema nenda zako. Je, methali hiyo yapingana na mafundisho ya kurudisha? La, haipingani. Seneca alifundisha kwamba aliyetoa yampasa asahau mara moja, na aliyepokea yampasa asisahau kamwe. Methali yasema na mtoaji, kwamba asisimame kungoja malipo. Kwa mpokeaji iko methali nyingine: Shukrani ya punda ni mateke. Mtoaji akidai, amefanya biashara. Mpokeaji akisahau, ameukata mduara.

4. Jinsi picha inavyochapwa

Kwa miaka mingi mabinti hao walionekana katika sanamu za mawe na katika picha za ukutani tu. Mtu aliyetaka kuwaona ilimpasa asafiri. Jambo hilo lilibadilika Wazungu walipojifunza kuchapa picha kwenye karatasi, hasa tangu karne ya 15.

Ili kuielewa kazi hiyo, mwanafunzi na autazame mlango wa nakshi, kama ile iliyomo Bagamoyo na katika miji mingine ya pwani. Fundi huchora kwanza maua na minyororo juu ya ubao. Kisha kwa patasi na nyundo huondoa mti ulio kati ya michoro, hata maua yabaki yameinuka na pande zake ziwe zimezama. Sasa mtu apake wino juu ya nakshi hiyo: wino utashika mahali palipoinuka tu. Akilaza karatasi juu yake na kuisugua, maua yote yatahamia kwenye karatasi. Hiyo ndiyo picha ya chapa ya mti. Muhuri wa ofisi hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Chapa ya shaba ni kinyume chake. Fundi huchukua bamba la shaba lililosuguliwa likawa laini kama kioo, naye kwa chuma chenye ncha kali huchimba mifereji myembamba, mingine myembamba kama unywele. Hupaka wino bamba lote, kisha huupangusa usoni, na wino hubaki ndani ya mifereji tu. Karatasi hulowanishwa kidogo ili iwe laini, hulazwa juu ya bamba, na vyote viwili hupitishwa kati ya magogo mawili ya mtambo yanayobana kwa nguvu nyingi. Karatasi hushuka ndani ya mifereji na kuunyonya wino. Njia ya tatu ni kulipaka bamba nta, kuchora juu ya nta kwa sindano, kisha kulitia bamba katika tindikali. Tindikali hula shaba palipochorwa tu, na nta hulinda mahali pengine.

Katika njia hizo zote picha hutoka imegeuka, kulia kwawa kushoto. Kwa hiyo fundi akitaka kuandika jina, yampasa aliandike kinyumenyume. Na katika njia zote bamba moja au ubao mmoja hutoa picha nyingi, kabla ya kuchakaa.

5. Marcantonio

Katika mafundi wa chapa ya shaba, mmoja aliyesifiwa sana ni Marcantonio Raimondi, Mwitalia aliyezaliwa karibu na mji wa Bologna yapata mwaka 1480. Alipokuwa kijana mjini Venice aliziona picha za chapa ya mti za Mjerumani Albrecht Dürer, zilizoonyesha maisha ya Bikira Mariamu. Akaziiga moja moja juu ya shaba, na akatia hata alama ya jina la Dürer. Mwandishi Giorgio Vasari asimulia kwamba Dürer aliposikia alikasirika, akaenda kushtaki Venice. Lakini alichopata ni amri tu kwamba alama yake isitumiwe tena. Hapo Marcantonio alipokea kazi ya mwenziwe, wala hakurudisha hata shukrani.

Baadaye, yapata mwaka 1510, Marcantonio alikwenda kukaa Roma. Huko alifanya kazi pamoja na mchoraji mkuu Raphael, na safari hii mambo yalikuwa mengine. Raphael alichora, Marcantonio akachonga, na picha zikaenea Ulaya na kuwaletea sifa wote wawili. Humo mjini Roma zilikuwamo kazi nyingi za mawe zilizosalia tangu siku za Warumi wa kale. Katika hizo Marcantonio aliona mabinti watatu wa Neema waliochongwa katika marumaru nyeupe, naye akawachonga juu ya bamba la shaba. Mara hii hakuificha asili ya kazi yake. Chini ya picha aliandika kwa Kilatini kwamba hivi ndivyo Karites walivyochongwa huko Roma.

Picha hiyo yaonyesha mabinti watatu wamesimama karibu karibu, mikono yao juu ya mabega ya wenzao, na yule wa katikati ametupa mgongo, kama Servius alivyoeleza. Hawana nguo. Wachongaji wa kwanza wa Uyunani waliwavika mavazi, na baadaye tu wakaanza kuwaonyesha uchi. Msafiri Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2, alitafuta habari za fundi wa kwanza aliyewavua nguo, asimpate. Servius alitoa sababu yake: fadhili haipasi kuwa na hila ndani yake, wala kitu cha kuifunika.

Baada ya Marcantonio mafundi wengi waliwachapa. Walionekana katika vitabu vya mifano, ambavyo kila picha ilikuwa na fundisho lake chini. Mflemi Peter Paul Rubens alipowachora kwa rangi katika karne ya 17, fundi Pieter de Jode aliichonga picha yake juu ya shaba. Mwalimu maskini, asiyeweza kununua hata kidole cha sanamu ya marumaru, aliweza kuwa na picha ya karatasi. Hivyo picha yenyewe ilifanya kile ilichofundisha: ilitoka kwa mmoja ikawafikia wengi, na kila aliyepewa aliweza kumpa mwingine.

6. Mduara uliokatika Bagamoyo

Lakini fundisho huwa jepesi katika picha, na zito katika matendo. Historia ya Bagamoyo ina mfano wake.

Mwaka 1873, yapata siku ya kwanza ya Mei, David Livingstone, msafiri na mmisionari wa Kiskoti, alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Waliokuwa pamoja naye ni Waafrika watupu. Wakuu wao walikuwa Abdullah Susi, aliyetoka Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto mwaka 1861. Alikuwapo pia Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya misioni huko India, na Halima mpishi, na wengine wengi.

Hapana mtu aliyewaamuru. Wangaliweza kumzika pale pale na kwenda zao. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti mkubwa, na Jacob akachonga jina la marehemu katika gome la mti huo. Waliukausha mwili kwa chumvi na jua kwa muda wa majuma mawili, wakaufunga kwa nguo na magome, wakaanza kuuchukua kwenda pwani. Njia ilikuwa zaidi ya maili 1,000. Wengine kati yao walikufa njiani kwa maradhi. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na afisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wamzike huko. Wakakataa. Na watu wa njiani walipochelea kupitisha maiti katika nchi yao, waliufunga mzigo upya, ukafanana na mtumba wa nguo.

Katika Februari 1874, baada ya safari ya miezi tisa hivi, walifika Bagamoyo. Mwili ulilazwa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, na mnara wa kanisa la kale la misioni huitwa hata leo kwa jina la Livingstone. Kaimu balozi wa Kiingereza alivuka kutoka Unguja na manowari. Mwili ukapakiwa, nao waliouleta wakalipwa mishahara yao na kuachwa watawanyike. Aliyepelekwa Uingereza pamoja na jeneza ni Jacob Wainwright peke yake, na nauli yake ililipwa na shirika la misioni. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa kwa heshima kuu katika kanisa la Westminster Abbey mjini London. Susi na Chuma hawakuwapo.

Basi, hapo palikuwa na kutoa, tena kutoa kwa namna isiyo na kifani. Palikuwa na kupokea, kwani taifa zima lilimpokea maiti wake likalia. Kurudisha kulikuwa wapi? Mshahara ni haki ya kazi, wala si shukrani. Mduara ulikatika pale pwani ya Bagamoyo.

7. Jinsi ulivyoungwa

Haukubaki umekatika kabisa. James Young, tajiri na rafiki wa Livingstone, aliona aibu ya jambo hilo, akawalipia Susi na Chuma nauli ya kwenda Uingereza mwaka huo huo wa 1874. Walifika maziko yamekwisha. Lakini kazi moja kubwa ilikuwa ikiwangoja. Livingstone aliacha madaftari yaliyoandikwa kwa shida, mengine juu ya vipande vya magazeti, na rafiki yake Horace Waller alikuwa akiyatengeneza yawe kitabu. Susi na Chuma walikaa naye wakimweleza majina ya watu na mahali, na mambo ya siku za mwisho ambayo hapana mtu mwingine aliyeyaona. Katika nyumba ya rafiki wengine wa Livingstone walijenga mfano wa kibanda alichofia, ili Waingereza waone kilivyokuwa.

Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka 1874, chenye picha za chapa ya mti. Katika picha moja Livingstone avushwa mto akiwa mgonjwa, naye amekaa juu ya mabega ya Susi. Maji yamefika kinywani mwa Susi, wala hamwachi. Maneno yaliyo chini ya picha yamtaja Susi kwa jina lake. Kwa njia ya ubao uliochongwa, watu ambao hawakupata kumwona Mwafrika walijua ni nani aliyembeba Livingstone. Kazi aliyoifanya Marcantonio kwa marumaru ya Roma, mafundi wa London waliifanya kwa tendo la Susi: kile kilichoonwa na wachache kikaonwa na wengi.

Tena Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilifanya nishani 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara ule, na kila nishani iliandikwa ukingoni jina la mwenyewe. Zilipofika Unguja mwaka 1875, wengi walikuwa wametawanyika wasipatikane. Shukrani iliyochelewa humkuta mwenyewe amekwisha ondoka. Seneca asingalishangaa.

Susi na Chuma hawakukaa wakinung'unika. Chuma aliongoza misafara mingine, akafariki Unguja mwaka 1882. Susi naye alisafiri hata Kongo, akabatizwa Unguja mwaka 1886, akafariki mwaka 1891. Walitenda wema wakaenda zao.

8. Sahani isiyorudi tupu

Katika nyumba za pwani iko desturi ambayo Wayunani wa kale wangaliielewa bila kufasiriwa. Jirani akileta sahani ya futari, au mkate wa kumimina siku ya sikukuu, sahani yake hairudishwi tupu. Hutiwa kitu, hata kama ni maembe mawili au konzi ya tende. Haulizwi dini yake, wala vitu havipimwi kwa mizani. Mtoto atumwaye kuipeleka sahani hiyo ndiye binti wa tatu, anayeushika mkono wa mwisho na kuufunga mduara.

Wala si kila hisani hurudi kwa yule yule aliyeitoa. Mzazi humlea mtoto, na mtoto hulipa deni hilo kwa kumlea mwanawe. Mwalimu hufundisha, na mwanafunzi humshukuru kwa kumfundisha mwingine. Aliyekufa huwezi kumpa kitu. Lakini waweza kulitaja jina lake, na kutaja kazi aliyoifanya. Kwa hiyo atajapo mtu safari ya mwisho ya Livingstone, na ayataje pia majina ya Susi, na Chuma, na Jacob, na Halima. Huko nako ni kurudisha.

Maswali

1. Taja majina ya mabinti watatu wa Neema, na maana ya kila jina.
2. Neno la Kiyunani karis lilikuwa na maana gani tatu? Neno gani la ibada limetoka katika shina hilo?
3. Kwa nini mabinti hao huonyeshwa wameshikana mikono? Kwa nini mmoja ametupa mgongo?
4. Eleza tofauti ya chapa ya mti na chapa ya shaba. Katika kila moja, wino hukaa wapi?
5. Marcantonio alikosa nini juu ya picha za Dürer? Alifanya nini tofauti huko Roma?
6. Je, watu walioleta mwili wa Livingstone Bagamoyo walilipwa? Kwa nini malipo hayo hayakutosha?
7. Methali isemayo Tenda wema nenda zako yamhusu nani, mtoaji au mpokeaji? Toa sababu.
8. Andika habari fupi ya mtu wa kijiji chako aliyewatendea wengine mema na kusahauliwa.

Kazi ya mikono

Kata kiazi kitamu kikubwa vipande viwili, kwa kisu kikali, ili uso wake uwe sawasawa. Chora juu yake ua dogo, kisha ondoa sehemu zilizo nje ya ua hata ua libaki limeinuka. Paka rangi au wino kidogo, ukigandamize juu ya karatasi. Chapa picha tatu: moja mpe mwenzako, moja mpe mzazi wako, na moja mpelekee mtu aliyekutendea jema ambaye hujamshukuru bado. Ukitaka kutia herufi ya jina lako, kumbuka kuichonga kinyume.